Vyumba Vinne kwa Tela

Tela la kukunja lilifika Jumamosi asubuhi likiwa vipande vipande, ndani ya maboksi mawili. Fundi mabomba hakuwa na subira ya kusoma karatasi ya maelekezo, kwa hiyo mama yake, mshona mapazia mstaafu, alivaa miwani akamsomea. Fremu ya mbele, fremu ya nyuma, bawaba katikati, ekseli, magurudumu mawili.

"Usikaze bolti bado," alimwambia. "Kaza zote mwishoni, la sivyo tela litakwenda upogo."

"Mama, bila wewe leo ningeumbuka."

Mama alifurahi mno kuambiwa hivyo. Plaiwudi ya sakafuni aliipima mwenyewe kwa tepu yake ya mapazia. Kufikia saa nane mchana tela lilikuwa limesimama. Karatasi ilisema linabeba kilo mia tano. Kuhusu vyumba haikusema kitu.

Walianza na chumba cha kulala. Mwanawe alikuwa amekwisha kumweleza: nyumba ya mama imejaa nyufa, atavihamishia vyumba vyote kwenye kiwanja chake kipya, na huko wataishi pamoja. Chumba kilitoka taratibu, na dirisha lake na kitanda kilichotandikwa, wakakifunga kamba mbili. Jirani alisaidia kusukuma.

"Angalieni taa hiyo," alisema, maana ilikuwa bado inawaka.

Jumamosi iliyofuata kilikwenda chumba cha kushonea. Kisha sebule, ambayo ilizidi urefu wa tela kidogo, wakaifunga kitambaa chekundu nyuma. Mama alihamia kulala jikoni na hakulalamika. Aliwaambia wateja wake wa zamani kwamba mwanawe ni mtu na nusu.

Siku ya kuhamisha jiko alipanda gari pamoja naye, mkoba magotini.

Vyumba vilikuwa vimepangwa vizuri, ukuta kwa ukuta. Kwenye dirisha la kushonea alikaa mama wa mkamwana wake, akinywa chai. Sebuleni walikuwamo shemeji wawili wa mwanawe. Kitandani alilala mtu ambaye mama hakumjua, nyayo zikiwa nje ya shuka.

"Changu ni kipi?" aliuliza.

Fundi mabomba alikuna kisogo. "Mambo yameingiliana, Mama. Wenzetu walitangulia, na vyumba vimewatosha wao tu. Wewe subiri kwanza kule kule."

Kule kule kulikuwa kumebaki mlango wa mbele, umesimama na fremu yake katikati ya kiwanja kitupu. Mama aliweka kigoda kando yake, akakaa. Yalimkata maini. Angeibiwa na mtu baki angepiga kelele mtaa mzima ukatoka. Huyu alimzaa, na kelele hazikutoka. Jirani alimletea uji, akapita mlangoni kama kawaida.

Baada ya wiki mbili tela lilirudi, tupu. Mwanawe alimwona mama yake tangu barabarani, lakini alikwenda mbele ya mlango akabisha.

"Hodi, Mama."

Alibisha tena, akangoja, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri.

"Karibu," alisema mama.

Aliingia, akafuta viatu, akaufunga mlango polepole nyuma yake. Alimjulia hali. Kisha akatoa spana mfukoni.

"Mama mkwe analalamika," alisema. "Anapigwa na upepo."

Mama alisogeza kigoda, maana kilikuwa njiani.