Jiwe la Kijani la Ndeshi

Siku ya kuondoa matanga tulikaa uani kwetu, kule Maji ya Chai, tukagawana vitu vya mdogo wangu Ndeshi. Mashangazi walichukua vitenge, mimi nikapewa koti lake la baridi. Kaka yetu Efraimu, dalali wa mawe mjini Arusha, hakutaka nguo. Aliomba jiwe, akapewa.

Lilikuwa la kijani, dogo kuliko punje ya mahindi. Ndeshi alilikuza mwenyewe chuoni, ndani ya maji ya chumvi ya moto, karibu mwaka mzima. Mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo alinieleza kwa vidole. Ndani yake kuna shaba, na kila chembe ya shaba ni sumaku ndogo inayotaka kuelekea kinyume na jirani yake. Mbili zinaelewana. Lakini zimepangwa tatu tatu, na ya tatu ikiiridhisha hii inaiudhi ile. Tena zinki imejipenyeza pasipo pake, ikavuruga zaidi. Mawe mengine ya sumaku yakipozwa sana, hutulia. Hili lilipozwa kwa baridi ambayo hata kilele cha Meru hakiijui, halikutulia. Ndeshi alitaka kujua sababu: ni zile tatu tatu, au ni zinki? Kilibaki kipimo kimoja alipougua.

Baada ya wiki Godwin, aliyesoma naye, alipiga simu. Anakwenda Ujerumani kwenye mashine ya kupimia, analifuata jiwe akamalize kazi ya Ndeshi. Nikamwita Efraimu.

Efraimu alifika kwanza, akakaa jikoni bila kuvua kofia.

"Dada, nimelichoma."

"Umelichoma vipi?"

"Kama tanzanaiti. Si inatoka kahawia, ukiichoma inakuwa bluu? Hili lilikuwa na ukungu. Nilitaka nimtengenezee mama pete."

Akafungua karatasi. Unga mweusi na vipande viwili.

Sikuwa na nguvu ya kukasirika. Godwin aliingia, akamwamkia mama shikamoo, akaitazama karatasi.

"Lilikuwa na maji ndani, kaka. Moto umeyatoa. Hii ni shaba iliyoungua."

"Nilikuwa natoa kasoro."

"Kasoro ndizo tulizokuwa tunapima."

"Ndeshi aliniambia hivyo hivyo," Efraimu akasema. "Anasomea uchafu. Nikadhani ananitania."

Mama akauliza, "Na hizo sumaku? Zimetulia sasa?"

"Kwenye hii nyeusi zinatulia, mama. Hazihitaji baridi kali kama ile," Godwin akajibu.

Godwin akasema wataandika matokeo mpaka pale Ndeshi alipofika, swali libaki wazi. Halafu atakuza jingine.

"Hilo litakuwa lako, mwanangu," mama akasema. "La Ndeshi ni hili."

Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa koti nililovaa. Efraimu akavua kofia. Nikawamiminia chai.