Nafasi ya Kidole Kimoja

Mimi Mwadini, mpiga lipu wa Unguja, ni mtu wa kujisifu, na Johannesburg imenizidishia. Rispah, Mkenya anayefundisha chuo kikuu, aliponunua nyumba kuukuu hapa Yeoville, nilimwambia chokaa nimezaliwa nayo. Alitaka dari ya chumba cha mama yake irudishwe ilivyokuwa zamani. Akaniuliza chokaa ishikwe na nini, wavu wa chuma au papi, vile vipande vyembamba vya mbao?

"Papi," nikasema, bila hata kukuna kichwa.

Ukweli ni kwamba kwetu Mji Mkongwe nilipaka kuta za mawe tu. Dari ya papi sikuwahi kuigusa. Rispah akiwa kazini, nikamwamuru Ignace, seremala Mkongomani niliyemleta mwenyewe, azibananishe papi hata mwanga usipite. Mtu wa ukuta mimi, tundu naliona uchafu.

"Kaka, wacha nafasi," alisema Ignace. "Chokaa inapashwa ipite nyuma, ijishike."

"Wewe pigilia misumari. Chokaa unaijulia wapi?"

Akapigilia.

Wiki ya tatu dari yote ilishuka juu ya kitanda cha mama. Bahati yake alikuwa kanisani. Rispah alituita wote wawili, akatusimamisha kwenye vumbi.

"Nani aliamua papi zikae hivi?"

Ignace aliniangalia, akasubiri. Ulimi ninao, tena mrefu, lakini siku hiyo niliufungia nikatazama viatu vyangu.

"Ni mimi nilipigilia," akasema mwishowe.

Rispah akamwambia asirudi tena. Nilimfuata Ignace hadi getini nimwombe radhi, nikaishia kumfungulia geti. Akahamishia nyundo mkono wa kushoto, akaninyooshea kidole cha shahada.

"Kati ya papi na papi, kidole kimoja. Usisahau."

Laiti angenitukana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na bado sikurudi ndani kusema kweli.

Nilizipanga upya, kidole kwa kidole. Chokaa ikapenya, ikashika. Huu mwezi wa pili, dari haina hata ufa. Jana nilikuwa napaka rangi madirisha Rispah akaniletea chai, akainua macho juu, akatabasamu.

"Umeona tofauti, fundi, tangu yule aondoke?"

"Nimeiona, Mwalimu," nikajibu, nikapokea kikombe.