Chandarua Puani mwa Injini

Kwa mara ya pili mwezi huo Manyang alifunga safari kutoka kambi ya Kakuma mpaka gereji ya Akeno mjini Lodwar, na malalamiko yalikuwa yaleyale.

"Fundi, gari hakuna nguvu. Leo toa hii injini, weka ya dizeli, ile inavuta hata polepole."

Akeno alihisi damu ikimpanda kichwani. Injini ile aliiunda kwa mikono yake miezi minane, kila pistoni akiipima mara mbili. Haikuwa na turbo ya kuisukumia hewa. Ilivuta pumzi yenyewe, na utamu wake ulikuwa huko juu, mshale wa raundi ukigusa elfu nane. Hajawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo, na sasa mtu anataka kuing'oa kama jino bovu!

"Unaiendesha kwa raundi ngapi?"

"Elfu mbili. Mama anakataa zaidi."

Mama mwenyewe, Adhel, alikuwa kiti cha mbele, mkoba magotini. Akeno akafungua boneti kwa hasira, akafungua kasha la chujio la hewa. Mlikuwa na chandarua, kile cha kugawiwa kambini, kimekunjwa kikawa kinene kama mto na kushonwa pembeni kwa ustadi.

"Nani ameziba pua ya injini?"

"Mimi," Adhel akasema. "Vumbi mingi. Gari itakohoa."

Jamani! Mtu ateseke miezi minane, halafu mama wa watu aje na sindano! Akeno alikitupa chandarua kando, akashika usukani mwenyewe, wakatoka barabara ya Kakuma. Elfu tatu. Elfu tano. Kwenye elfu nane injini ikapaza sauti nyembamba, safi, hata vinyweleo vikamsimama. Nyuma, Manyang alicheka kwa furaha.

"Kumbe hii ndiyo gari yangu!"

Akeno akapunguza mwendo, akageuka kupokea sifa. Adhel alikuwa ameziba masikio, machozi yanamtiririka.

"Inalia," alisema. "Unaumiza yeye."

"Mama, si maumivu. Inapumua tu."

"Mimi nimechunga ng'ombe. Kulia najua."

Manyang alimtazama mama yake, kicheko kikamkauka.

"Fundi, turudi. Weka dizeli tu."

Akeno aligeuza gari. Walipofika gereji alichukua spana mwenyewe. Hakutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Injini ilikuwa bado moto alipofungua nati ya kwanza.