Si Anajua

...na ile ngoma ataifunga wapi kwenye pikipiki, labda aiweke mbele juu ya tangi, Aïcha akae nyuma, kama mvua itakubali kupungua, Mwalimu Asumani amesimama barazani mwa kanisa, bega moja linaloa, anapanga namna ya kumrudisha mdogo wake nyumbani pamoja na ngoma yake, maana asubuhi Aïcha alimpigia simu yeye kaka yake, sauti haina machozi wala hasira, "Yaya, nimechoka na ile kwaya, leo ni mwisho, ukuye unichukue," naye akajibu sawa, akajibu haraka, kama mtu aliyeombwa chumvi... ndani umeme umekatika tena, kinanda kimenyamaza, zimebaki sauti za watoto, na Aïcha, ambaye humu wanamwita Mama Adèle, jina alilopewa kwenye ubatizo alipoolewa na Benoît, anasema alors, turudilie, Israël, pumua kwanza, na watoto wanarudilia wimbo uleule uliowavunjikia siku ya Pentekoste, ubeti wa pili ukapotea, mmoja akacheka, wote wakacheka, na mkubwa mmoja wa kamati akashika maikrofoni akasema hii si kwaya, hii ni soko, waumini nao wakacheka, Aïcha amebaki mikono juu, hajui aishushe wapi... aliyasimulia hayo jikoni kwa mama yao, akimenya ndizi, na yeye Asumani alisema nini, alisema ndivyo watu walivyo, kisha akauliza kama chai ipo... pumua kwanza, anasema tena, na mkono wake uko mbavuni mwa yule mtoto Israël, kiganja wazi, kidole gumba kimeinuka kidogo, na mkono huo Asumani anaujua, ya Rabi, marehemu baba alikuwa akiuweka hivyohivyo mbavuni mwake yeye, kwenye mkeka wa chuo cha Kurani, akisema sauti haikai kooni, kooni inapita tu, na Aïcha hakuwa akifundishwa siku zile, alikuwa mtoto wa kupita na ndoo, anasimama nyuma ya pazia ati anatafuta kandambili, kila siku kandambili zinapotea, mama anamgombeza, kumbe anasikiliza, kumbe siku alipotoka nyumbani na watu wakasema ameacha kila kitu, hakuwa ameacha, alikuwa amebeba...

"Bado tu," anasema mtu kando yake, ni Mama Marie-Jeanne, mwenye mwavuli, anamngoja mwanawe Trésor, analalamika kwamba mazoezi ya huyu Mama Adèle hayaishi, nguo ziko nje zinanyeshewa, halafu anaanza kucheka peke yake, anasema lakini huyu Trésor naye, siku hizi hakubali mtu ale lituma, ndizi zetu za kupondwa, nyumbani mpaka wapangwe, wafupi mbele, warefu nyuma, wote wavute pumzi, hata babu yake na magoti mabovu anasimama na kuvuta pumzi, asipovuta vizuri anarudishwa nyuma ya mstari, na Asumani anacheka naye, anamwona mzee yule na sahani yake, kisha anauliza kama amemwambia Mama Adèle habari hiyo. "Bon," anasema Mama Marie-Jeanne, "si anajua."

Si anajua... na wazazi wa chuo chake mwenyewe, wao hawasemi si anajua, wao wanakuja Ijumaa, huyu na jogoo, huyu mikono mitupu lakini ana neno, mwalimu, mutoto amesoma mbele ya babu yake, mzee amelia, Mungu akulipe, na neno hilo Asumani analila wiki nzima, ndilo linalomwinua alfajiri, alidhani ni imani peke yake, kumbe ni imani na mama fulani mlangoni, na Aïcha humu analishwa na nani, miaka yote hii, akimaliza kuimbisha, watu wanawapigia makofi watoto, yeye anakusanya viti, hata ndugu wa tumbo moja amekuja na pikipiki ili kumsaidia kuacha...

"Hajui, Mama," anasema polepole. "Umuambie leo, mutoto mwenyewe akisikia," na Mama Marie-Jeanne anaitazama kofia yake ya mwalimu wa chuo, anautazama mlango wa kanisa, anakunja mwavuli ingawa mvua haijapungua hata kidogo, anaingia... ndani ubeti wa pili unakuja, unasita, unashika, Israël anaubeba na wenzake wanaingia chini yake kama watu wanaosaidia kubeba gunia, na baba angesikia haya angenyamaza, ndivyo alivyosifu, kwa kunyamaza, aliwaachia wote wawili ukimya ule, na yeye Asumani akauita heshima... Aïcha amegeuka, amemwona, jasho usoni, kitambaa cha kichwa kimeteleza.

"Yaya, ungoje kidogo, niko namaliza."

Mvua ileile, baraza lilelile, watoto wamekwisha kuvuta pumzi, wanangoja ishara, naye aliyekuwa na majibu ya haraka tangu asubuhi, safari hii anajibu polepole.

"Usimalize. Ngoma ibaki humu."