Katikati ya Mkate wa Fachtna

Tangu mkewe Attracta afariki, Fachtna Tuohy alikuwa amejifunza kufua, kupiga pasi na hata kushona kifungo, na kila alichojifunza alikitangaza dukani. Kwa hiyo zamu ya Misa ya nyumbani, ile inayozunguka kwa majirani, ilipomfikia, mara ya kwanza akiwa peke yake, alitangaza vilevile: padri na majirani wangekula mkate wa magadi na zabibu uliookwa kwa mikono yake mwenyewe. Shemeji yake Dympna, dada wa marehemu, akamjibu mbele ya watu wote kwamba mikono iliyokoroga chokaa miaka arobaini haiwezi kuoka kitu kinachotafunika. Yeye angekuja na mkate wake, wa akiba. Fachtna akasema sawa, aje nao, na atarudi nao.

Siku ya Misa aliamka mapema. Akachekecha unga na magadi, akatia chumvi na konzi mbili za zabibu kavu, akamimina mtindi katikati. Hapo ndipo penye hatari. Mkate huu hautaki kukandwa; ukiukanda unakuwa tofali, na matofali Fachtna alikuwa ameshayaoka matatu wiki hiyo. Kuku waliyazunguka, wakaenda zao. Safari hii aliukusanya unga kwa ncha za vidole tu, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Ukaja laini, mviringo, zabibu zikichungulia. Akauingiza kwenye oveni, akasimama kujipongeza, na alijipongeza kwa muda mrefu kidogo.

Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Alisahau kukata msalaba. Huku Mayo, Ireland, hakuna mkate unaoingia motoni bila kukatwa msalaba juu. Wengine husema ni baraka, wengine husema ni njia ya kuwatoa vibwengo. Lakini Fachtna, mwashi wa miaka yote hiyo, alipaswa kuijua sababu ya tatu: pasipo ufa, joto halifiki katikati.

Aligundua alipoutoa. Ulikuwa umevimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu. Akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole, maana mkate ulioiva hulia kama ngoma. Pembeni ulilia. Katikati ulinyamaza. Na uani padri Garvey alikuwa anafunga mlango wa gari.

Misa ilisomwa kwenye meza ya jikoni. Fachtna aliitikia yote kwa sauti, ila macho yake yalikuwa kabatini, ambako mikate miwili ilikaa imefunikwa kwa vitambaa, wake na wa Dympna. Baada ya baraka, chai ikamiminwa, naye akaanza kukata wake kutoka pembeni, vipande vyembamba, akipaka siagi nyingi. Watu wakala. Kisha wakala tena. Jirani yake Mossie Heneghan, ambaye alikiri kwamba alikuja kucheka, alimaliza vipande vinne na hakukumbuka kucheka.

Kila kipande kilichosifiwa kilimsogeza Fachtna karibu na aibu yake. Hatimaye kisu kikatoka na unga mbichi. Akakifunika haraka kile kiini kilichobaki, lakini padri alikuwa amekwisha kunyoosha sahani.

"Nipe cha katikati, Fachtna. Huko ndiko zabibu zinakojificha."

Dympna alikuwa amesimama begani pake, na alikuwa amekiona kisu.

"Hukukata msalaba," akamnong'oneza.

"Nilisahau, shemeji."

"Basi vibwengo wote wamo humo ndani."

"Haya, watangazie. Watu wako hapa, na mkate wako uko hapo."

Dympna akautazama mkate wake. Akamtazama padri, kisha akaitazama aproni ya dada yake, ilivyombana Fachtna tumboni. Akamnyang'anya kisu, akakikata kile kiini vipande, akavitupa kikaangoni pamoja na bonge la siagi. Kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni akamweleza padri kwamba katika nyumba hii, tangu zamani, cha katikati huliwa kikiwa kimekaangwa. Ulikuwa uongo mtupu, na haikuwa imepita hata nusu saa tangu altare igeuke meza ya chai.

Vipande vilitoka vya kahawia, vikilia, zabibu zimeungua kidogo kwenye ncha, na vikagombaniwa. Padri akajifuta siagi kidevuni, akauliza, kama ilivyo desturi, nani angepokea zamu ijayo. Mossie akasema ataipokea yeye, mradi mkate aoke Fachtna.

Wote wakageuka. Fachtna akafungua mdomo, lakini Dympna alimwahi.

"Ataoka," akasema. "Kisu nitashika mimi."

Fachtna akachukua birika, akamjazia shemeji yake kikombe.