Tepu ya Mama

Kinyozi alitoka nyuma ya pazia akitembea kama mtu aliyefungwa kamba magotini. Akajitazama kwenye kioo cha duka, kisha akamuuliza fundi, kwa upole tu, kama ile suruali alishonewa yeye au mdogo wake.

Fundi alivuta tepu ya plastiki shingoni, akampima kiuno. Tisini. Akafungua daftari. Kwa mwandiko wake mwenyewe palikuwa na themanini na tano na nusu.

"Nimenenepa hivyo kwa wiki moja?" kinyozi akasema. "Mke wangu akisikia, ataringa mtaa mzima."

Fundi hakucheka. Kwa miaka ishirini ya kazi alikuwa hajawahi kukosea kiuno cha mtu. Akakumbuka kwamba siku ile tepu ya plastiki ilikuwa imepotea chini ya vitambaa, naye akampima kwa ile ya marehemu mama yake, ya kitambaa, inayoning'inia msumarini. Mama ndiye aliyemfundisha kushona, na alikuwa na mtindo wake: mkasi mzito aliufunga kwenye ncha ya tepu, akavitundika pamoja ili kisipotee kimoja bila kingine. Binti naye akaendelea vivyo hivyo.

Akaufungua mkasi kutoka kwenye tepu ya mama, akazilaza tepu mbili sambamba juu ya meza ya kukatia. Mia moja na hamsini ya mama ilikoma penye mia moja na hamsini na nane ya plastiki. Akazinyoosha upya, polepole. Zikabaki vilevile. Miaka yote hiyo mkasi ulikuwa ukiivuta.

Suruali ingeweza kuachiwa mshono, hilo lilikuwa dogo. Lakini kwa tepu hiyohiyo, miezi minane iliyopita, alipima gurudumu la baiskeli ya mumewe, akafunga kitambaa chekundu kwenye waya wake mmoja, na mume akaendesha huku yeye akihesabu mizunguko. Hivyo ndivyo walivyopata kilometa za kufanyia mazoezi na kuzitia alama za rangi nyeupe barabarani.

Jumapili ijayo zilikuwa mbio za kilometa arobaini na mbili. Anayefika kilometa ya thelathini baada ya saa tatu na dakika arobaini huondolewa barabarani na kupandishwa gari. Fundi, ambaye majirani walimwita Mwendopole, alikuwa amezikimbia thelathini zake kwa saa tatu na dakika hamsini. Asubuhi ile, chai ikiwa bado mkononi, alimwambia mumewe aipeleke kadi yake ya mbio ofisini kwa waandaaji wambadilishie, akimbie nusu ya masafa. Mwisho wa kubadilisha ulikuwa saa sita mchana, siku hiyohiyo. Mume aliichukua kadi, akaondoka.

Sasa wazo la kwanza lilikuwa kwamba kilometa zake zote zilikuwa za uongo. Akashika chaki, akaanza kuandika juu ya kitambaa cheusi cha mteja mwingine. Tepu ikivutika, alama zake huachana. Kwa hiyo gurudumu lilikuwa kubwa kuliko alivyoandika. Thelathini zake zilikuwa thelathini na moja na mita mia sita. Akagawanya. Akarudia kugawanya. Kwenye thelathini za kweli alikuwa anafika kwa kama saa tatu, dakika thelathini na nane na nusu.

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. Ndiyo maana karibu na alama ya ishirini na tano miguu ilikuwa ikilegea kama unga uliokandwa: tende aliyopanga kula kila kilometa tano ilikuwa ikichelewa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano. Akapiga simu. Simu ya mume ikalia palepale juu ya meza, alipoiacha ikichaji.

"Na suruali?" kinyozi akauliza.

"Ivue, uiache hapo. Ukitoka uvute mlango."

Mpaka ofisini zilikuwa kilometa nne kwa alama zake, yaani nne na mita mia mbili na kitu. Alizikimbia kwa viatu vya kazini, tepu zote mbili mkononi. Alipoingia, mumewe alikuwa wa mwisho kwenye foleni, kadi bado iko mfukoni.

"Nimewapisha watu tisa," mume akasema, akitazama sakafu. "Nilikuwa naona aibu kuitoa."

Fundi akamweleza, pumzi zikimkatika. Mume akapima kwa macho tepu moja, kisha nyingine.

"Dakika moja na nusu," akasema. "Ni finyu, mke wangu."

"Ni finyu. Lakini iko upande wangu."

Mtu wa dirishani akauliza kama wanabadilisha au hawabadilishi, maana anafunga. Mwendopole akatikisa kichwa kukataa, akaipokea kadi kwa mumewe. Mume akauliza kama tepu hii ya mama itupwe.

"Itarudi msumarini," akasema. "Mkasi nitautafutia msumari wake."