Mwenye Kuumia

Afisa wa bima aliweka goti moja kwenye samadi, akachomoa kisu, akalikata sikio la ng'ombe lenye hereni ya namba na kulitia kwenye mfuko wa nailoni. Nzi walikuwa wameshawahi. Nimpaye alisimama mlangoni mwa banda, mundu mkononi. Radi ilikuwa imempiga ng'ombe jana jioni, na mzigo wa majani aliomkatia ulikuwa bado umefungwa.

Ng'ambo ya ua, ng'ombe mweusi wa Claudia alikuwa akicheua. Nimpaye hakutaka kumtazama, akamtazama. Jirani yake huyo alifiwa na ng'ombe wakati wa masika, akalipwa na bima, akaenda upande wa Benaco akarudi na huyo mwenye kiwele kama mtungi. Tangu hapo, maziwa yakianza kupiga ndoo alfajiri kule kwa jirani, Nimpaye huamka na kubaki macho, kinywa kichungu.

"Ng'ombe wa nani, mama?" afisa aliuliza.

Nimpaye alikunja magoti kidogo, kama alivyolelewa. "Wa mzee Niyibizi. Alinigabira."

Ndivyo wanavyosema huku Keza. Mwenye mifugo anakukabidhi jike. Unamlea, maziwa na samadi ni vyako, ndama wa kwanza anarudi kwake. Hata miaka ipite, aliyekugabira akiwa hai husemi "wangu", ni kumtukana. Claudia naye aligabirwa na mzee huyohuyo, ila alipoulizwa alisema "wangu" bila hata kumeza mate.

Afisa aliacha kuandika. Akaeleza, kwa upole wa mtu anayeogopa mvua imkute njiani na pikipiki, kwamba kuna kitu kinaitwa maslahi ya bima. Huwezi kukatia bima mali ya mwenzako. Anayekata ni yule atakayeumia kitu kikipotea.

"Kwa hiyo mimi sijaumia?"

"Umeumia, mama. Ila kibima hujaumia."

"Na pesa ya bima mliyokuwa mkikata kwenye malipo ya maziwa yangu?"

"Siku ya kuandikishwa ungesema."

"Hamkuuliza."

Afisa alikuwa anafunga mfuko. Nimpaye akaliona shamba la kahawa la mzee Niyibizi, refu mpaka bondeni. Ng'ombe akifia mikononi mwako na huna wa kurudisha, unamlimia mwenye ng'ombe mpaka aseme basi, na lini atasema basi anajua yeye. Angeweza kunyamaza. Lakini Claudia alikuwa ameegemea ua na kanga yake mpya, uso ameuweka wa kutoa pole, na nyuma yake yule mweusi anatafuna tu.

"Mbona yeye mlimlipa?" Nimpaye alisema. "Wake wa kwanza naye alikuwa wa Niyibizi."

Afisa akafungua tena kalamu.

Claudia hakupandisha sauti. "Mama Priscila," alimwambia Nimpaye, "maziwa aliyokunywa mwanao asubuhi hii yametoka wapi?"

Wiki haikuisha. Mzee Niyibizi alifika na fimbo yake, wanawake wote wawili wakampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kusimama. Alipita moja kwa moja hadi bandani kwa Claudia. Alisema watu wa bima wamemwelewesha vizuri: mwenye maslahi ni yeye, kwa hiyo kilicholipwa kilikuwa chake, na ng'ombe aliyenunuliwa ni wake. Akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe. Claudia alisema kwamba huyu hakugabirwa, alimnunua. Mzee akamuuliza alimnunua kwa pesa ya nani.

Nimpaye alikuwa uani kwake, anatazama. Kitu kitamu kilimpita kifuani, hakikukaa.

"Na wewe," mzee alimwita, "njoo ubebe haya majani. Huyu atakula nini akifika? Kesho uje na jembe."

Yalikuwa majani aliyokata Claudia. Nimpaye aliingia uani kwa jirani yake, akainama, akajitwisha. Claudia hakumsaidia kuinua mzigo, wala hakumzuia. Wakashika njia ya bondeni, mzee mbele, Nimpaye katikati akimvuta ng'ombe kwa kamba, akiwaza ni nani kule atakayemkamua kesho, mke wa mzee au mkwe wake. Ng'ombe alirefusha shingo, akayafikia majani kichwani pake, akawa anayachomoa kidogo kidogo na kuyala huku wakienda.